Mwongozo kamili: kupima maji yaliyojificha ndani ya lita ya maziwa na kilo ya nyama ukiwa eneo kame

Kuna makosa mawili yanayojirudia kila mfugaji wa eneo kame anapojaribu kujua mifugo yake inamaliza maji kiasi gani. La kwanza ni kuhesabu birika la kunyweshea peke yake: ng'ombe anakunywa madumu matatu, anatoa lita nane, basi lita ya maziwa ina maji lita saba na nusu. La pili ni kubeba wastani wa dunia mzimamzima: kilo ya nyama ya ng'ombe lita 15,400, ya mbuzi 5,500, ya kuku 4,300, kilo ya maziwa lita 1,000. Anayefanya kosa la kwanza anajidanganya. Anayefanya la pili anajitisha bure.

Wastani huo wa dunia una jambo moja la kulishika. Kati ya maji yote yanayoingia kwenye mnyama, takriban asilimia 98 yako kwenye chakula chake. Lakini humo humo kuna mvua iliyonyeshea mbuga ambako hata mtama usingezaa, na kuna maji uliyoyavuta kisimani kwa dizeli. Ukiyachanganya, hesabu haitakusaidia kuamua lolote.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: ng'ombe chotara wa kilo 400, anatoa lita 8 kwa siku, analishwa kwa robo ekari ya majani ya tembo (mabingobingo) yanayomwagiliwa, pamoja na mabua, pumba na mashudu. Ni mfugo unaoweza kuukuta kuanzia Dodoma na Singida hadi Kajiado na Makueni. Namba za mfano ziondoe, weka zako.

## Vifaa

- Mizani ya kuning'iniza, angalau ya kilo 50, na ndogo ya gramu kama unaweza kuazima dukani
- Dumu la lita 20 na ndoo yenye alama za lita
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Utepe wa mita 30 au kamba uliyoipima, na vigingi vinne
- Gunia safi la kuanikia
- Beseni mbili zinazolingana
- Kopo la kupimia mvua
- Daftari ambalo halitatumika kuandikia madeni ya maziwa

Tenga wiki nane. Chini ya hapo hutamaliza mkupuo mmoja wa majani, na hesabu itabaki ya kukisia.

## Hatua ya 1: Gawa daftari safu mbili

Safu ya kwanza iite "maji ya mvua", ya pili "maji ya kuchota". Kila tone liandikwe upande mmoja tu.

Ukikwama, jiulize: mnyama huyu asingekuwepo, maji haya ningeweza kuyapeleka jikoni, bustanini au kwa jirani? Kama ndiyo, ni ya kuchota. Maji ya lambo yalikuwa mvua, lakini yanaandikwa kwenye kuchota, kwa sababu yakishaingia lamboni yana wagombea wengi.

Onyo: usijumlishe safu hizi mbili, hata mwishoni. Mtu akikuuliza jumla, mpe namba mbili.

## Hatua ya 2: Pima mwendo wa pampu

Kwanza hakikisha dumu lenyewe. Lipime tupu, lijaze, lipime tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tofauti ya kilo ndiyo lita. Madumu mengi "ya lita 20" hupokea zaidi ya 20 yakijazwa hadi mdomoni, na kosa la lita moja kwenye kila dumu litakufuata hadi ukurasa wa mwisho.

Sasa weka mdomo wa mpira ndani ya dumu, anza kuhesabu. Likijaa kwa sekunde 20, pampu inatoa lita 1 kwa sekunde, sawa na lita 3,600 kwa saa.

Pima mara mbili: pale kisimani na kule mwisho wa mpira shambani. Namba ya kisimani ndiyo inayoingia daftarini. Tofauti ya namba hizo mbili ni mvujo, na mara nyingi ndiyo maji ya kwanza utakayookoa bila kugusa mnyama.

Pampu ya sola haitoi sawa kutwa. Ipime saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, chukua wastani. Kisima chenyewe nacho hushuka kiangazi kinapokolea, kwa hiyo kipimo cha Mei hakifai Oktoba.

Umefaulu kama vipimo vitatu mfululizo vya saa ile ile havitofautiani zaidi ya sekunde moja au mbili.

## Hatua ya 3: Pima shamba la malisho na maji yanayoingia

Hapa ndipo watu wengi huona namba wasiyoitarajia.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ekari ina mita za mraba 4,047. Maana yake milimita moja tu juu ya ekari ni zaidi ya lita 4,000, na majani yaliyofunika ardhi vizuri, kwenye jua na upepo wa kiangazi cha kanda ya kati, hutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku. Ekari moja ya malisho ya kumwagilia inakunywa lita 20,000 na zaidi kila siku.

Kwenye mfano wetu robo ekari ni mita za mraba 1,012. Pampu inawashwa kwa muda wa saa tatu, mara 3 kwa wiki:

3,600 × 3 × 3 = lita 32,400 kwa wiki

Gawanya kwa 1,012 upate milimita 32 kwa wiki, kama 4.6 kwa siku. Hiyo inakaribia mahitaji. Kwa wiki nane hadi kukata: lita 259,200.

Ukipata milimita 10 kwa siku, nusu ya maji inazama chini ya mizizi. Ukipata 2, majani yana kiu, na usifurahie: yatadumaa, na maji kwa kila kilo yanaweza kupanda badala ya kushuka, kwa kuwa udongo ulio wazi kati ya mashina unakausha maji bila kukupa jani.

Mvua ikinyesha ndani ya wiki hizo, soma kopo, zidisha milimita kwa 1,012, andika safu ya mvua.

Onyo: chunguza utando mweupe juu ya udongo. Visima vingi vya maeneo makavu vina chumvi, na kila umwagiliaji huacha kidogo. Mashamba ya malisho ya pwani ya Batinah kule Oman yameharibika hivyo: maji ya chini yakavutwa kupita kiasi, maji ya bahari yakaingia, udongo ukashika chumvi.

## Hatua ya 4: Pima unachovuna, mabichi na makavu

Siku ya kukata, pima kila mzigo. Kama huwezi, weka vigingi vya mita 2 kwa 2 sehemu tatu: iliyostawi, ya kati na dhaifu. Kaa mbali na kingo, ambako majani hunenepa kwa mwanga wa ziada. Kata, pima, chukua wastani.

Mfano: kilo 7 kwa kila mita 4 za mraba, ambayo ni takriban kilo 1,750 kwa robo ekari.

259,200 ÷ 1,750 = lita 148 kwa kilo moja ya majani mabichi

Mabichi hudanganya kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Chukua kilo moja iliyokatwakatwa, tandaza kwenye gunia, anika siku tatu au nne, geuza kila jioni, ingiza ndani usiku umande usiyapate. Uzito ukiacha kushuka, soma. Zikibaki gramu 200, ukavu ni asilimia 20, na kila kilo kavu imekugharimu lita 740.

Umefaulu kama namba yako iko kati ya lita 400 na 1,000 kwa kilo kavu. Zaidi ya 1,000, kuna mvujo, maji yamezidi au mbolea haitoshi. Chini ya 300 wakati wa kiangazi, rudia kipimo: umekosea saa za pampu au ukubwa wa shamba.

## Hatua ya 5: Pima hori, kabla na baada

Unahitaji namba mbili. Iliyowekwa ni ya hesabu ya maji. Iliyoliwa ni ya kukagua kama mnyama anashiba. Pima unapoweka, na kila asubuhi pima makombo. Fanya siku saba.

Ng'ombe wetu anawekewa kilo 30 za majani ya tembo, anaacha kilo 4 za vikonyo vigumu. Vikonyo hivyo vinavyoishia kwenye lundo la samadi ni 4 × 148, karibu lita 590 za maji ya kisima kila siku. Familia nzima inaoga na kupika kwa maji hayo na yanabaki.

Ukaguzi: ng'ombe wa maziwa hula chakula kikavu cha asilimia 2.5 hadi 3.5 ya uzito wake. Hapa amekula kilo 5.2 kavu za majani, 3.6 za mabua, 2.7 za pumba na mashudu: jumla 11.5, sawa na asilimia 2.9 ya kilo 400. Inakubalika.

Kama huna mizani ya ng'ombe, zungusha utepe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Kifua × kifua × urefu, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo.

Maji ya malisho kwa siku: 30 × 148 = lita 4,440.

## Hatua ya 6: Sasa birika

Weka maji yaliyopimwa, ongeza kwa ndoo yenye alama, na baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Beseni mbili ni za hapa: moja iweke kivulini na nyingine juani karibu na birika, zote zisifikiwe na mnyama. Zikishuka sentimita moja, ujue birika nalo lililo mahali kama hapo limepoteza sentimita moja bila kunywewa. Tofauti kati ya beseni mbili ndiyo faida ya kuezeka birika.

Ng'ombe wetu anakunywa lita 60. Kuosha kiwele, vyombo na sakafu kunachukua lita 20. Jumla 80, sawa na lita 10 kwa kila lita ya maziwa.

Malisho na birika kwa pamoja: 4,440 + 80 = 4,520. Gawanya kwa 8: lita 565 za maji ya kuchota kwa lita moja ya maziwa. Birika ni kumi tu kati ya hizo.

## Hatua ya 7: Mabua, pumba na mashudu

Mabua yaliyobaki shambani baada ya mavuno ya chakula yaandikie sifuri kwenye kuchota. Mahindi au mtama ungelimwa hata kama hufugi.

Pumba zinahitaji kugawana maji na unga, na njia ya haki ni kwa thamani. Chukua ekari ya mahindi inayopata mvua ya milimita 450 msimu mzima na kutoa kilo 600. Mvua hiyo ni 4,047 × 450, lita 1,821,150, au kama lita 3,035 kwa kilo ya mahindi. Kilo 100 zikikobolewa zikatoa unga kilo 70 na pumba kilo 28, na kilo ya pumba ikauzwa theluthi ya bei ya unga, pumba zinabeba kama asilimia 12 ya maji yote: takriban lita 1,300 kwa kilo. Namba hii ni dari, kwani sehemu ya mvua hutiririka korongoni. Mashudu ya alizeti yafanyie hivyo hivyo, kwa bei ya mafuta na ya mashudu mashineni.

Haya yote yanaingia safu ya mvua, tena mara nyingi ni mvua ya mkoa mwingine. Gunia la pumba la kutoka Rukwa likishushwa Dodoma, umeingiza mvua ya Rukwa kwa lori. Saudia, yenye mashamba makubwa ya ng'ombe wa maziwa jangwani, ilifikia uamuzi wa kuachana na kilimo cha majani mabichi ya malisho na kununua nje kwa hesabu ya namna hii.

Onyo: pumba za mahindi ya umwagiliaji si za safu ya mvua. Uliza muuzaji.

## Hatua ya 8: Siku asizokamuliwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, hata na watu makini. Ng'ombe aliyekaushwa anakula na kunywa bila kutoa lita.

Tuseme kati ya kuzaa na kuzaa kuna siku 450. Anakamuliwa siku 270, jumla lita 2,160. Siku 180 zilizobaki anapewa majani mabichi kilo 10 tu na maji lita 50, yaani lita 1,530 kwa siku.

(270 × 4,520) + (180 × 1,530) = lita 1,495,800

Gawanya kwa 2,160: karibu lita 690. Kama unamkuzia mtamba miaka mitatu kwa majani yale yale ya kisima, maji yake nayo yagawanywe kwa mizao yote atakayokupa.

## Hatua ya 9: Linganisha na nyama na mayai kwa gramu ya protini

Lita kwa lita na kilo kwa kilo havilinganishwi. Tumia protini: lita ya maziwa ina gramu 33 hivi, kilo ya nyama ya mbuzi pamoja na mifupa kama 140, yai moja 6.

Mbuzi wa machungani. Anachinjwa akiwa na miezi 18, kilo 25, nyama asilimia 45, yaani kilo 11 na ushee. Amekunywa wastani wa lita 3 kwa siku 540, jumla 1,620. Mama yake ameongeza lita 4.5 kwa siku 270, jumla 1,215. Kwa kilo ya nyama ni kama lita 250 za kuchota, au lita 1.8 kwa gramu ya protini.

Maziwa ya mfano wetu: 690 ÷ 33, takriban lita 21 kwa gramu.

Yai: kuku anayetaga mayai matatu kwa siku nne hunywa robo lita hadi nusu lita kwa siku kukiwa na joto. Ni chini ya lita moja ya kuchota kwa yai. Mvua iliyo kwenye chakula chake ni nyingi, lakini ilinyesha kwingine, na unailipia dukani.

Ng'ombe hana kosa lolote hapa. Mtoe kwenye robo ekari ile, mlishe nyasi zilizoota kwa mvua, na namba yake ya lita 690 kwa lita ya maziwa inashuka hadi kwenye makumi.

## Hatua ya 10: Punguza, kwa mpangilio huu

Kwanza mvujo na makombo. Kaza viungio vya mpira. Katakata majani vipande vya sentimita 2 hadi 3 kwa panga au mashine, kata yakiwa urefu wa mita moja hivi, kabla shina halijawa mti. Hori liwe na ukingo wa kumzuia kuyatupa chini. Ufanisi hapa ni makombo chini ya nusu kilo.

Pili saa za pampu. Siku moja baada ya kumwagilia chimba sentimita 30, finyanga udongo. Ukifanya donge linalong'aa maji, punguza nusu saa. Ukiporomoka kama mchanga, ongeza. Mwagilia jioni, na tandaza samadi kavu katikati ya mistari.

Tatu hei (nyasi zilizokaushwa) ya mvua, na hii ndiyo kubwa. Badala ya kilo 20 kati ya zile 30 za majani mabichi, weka hei kilo 4.5. Kwa siku 180 za kiangazi ni kilo 810. Kisanduku cha mbao cha sentimita 85 × 55 × 45 hutoa robota la kilo 20 hivi, kwa hiyo ng'ombe mmoja anahitaji marobota 41.

Kata nyasi zinapoanza kutoa maua. Zikishakomaza mbegu, umefunga mabua. Anika hadi ukisokota shina halitoi unyevu na linakatika. Ukifunga kabla ya hapo robota litapata joto na ukungu, na hei yenye ukungu huweza kutupisha mimba. Hifadhi chini ya paa, juu ya miti, sentimita 15 kutoka ardhini. Nyasi za Cenchrus hustahimili ukame vizuri, na hata ngitili, kama wafanyavyo Wasukuma wa Shinyanga kwa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi, inatosha kama una ardhi.

Hesabu mpya: 10 × 148 + 80 = 1,560. Maziwa yakibaki lita 8, ni lita 195 kwa lita. Yakishuka hadi 7, ni 223. Ili yasishuke zaidi, fidia protini kwa mashudu au majani ya mti wa lusina, yasizidi theluthi ya chakula chote.

Nne mabua kwa urea. Yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 60 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, shindilia kwenye shimo lenye nailoni, funga bila hewa wiki tatu. Yakifaulu yanageuka hudhurungi na yanatoa harufu kali ya amonia. Yaache yapigwe na upepo kabla ya kulisha. Onyo kali: urea isiyoyeyuka inaua. Usiwape ndama wadogo, punda, kuku wala nguruwe, na mfuko ufungiwe mbali na hori.

Tano mzunguko wa kuzaa. Kushusha siku 450 hadi 390 kunatoa lita 40 hivi kwenye kila lita ya maziwa. Ni faida ya kweli lakini ndogo kuliko hei, na inahitaji jicho la kuona dalili za ng'ombe anayetaka dume, alfajiri na jioni.

Rudia hatua ya 2 hadi ya 6 mara mbili kwa mwaka: mwanzo wa kiangazi, Juni, na kilele chake, Oktoba. Tumia dumu lile lile na vigingi pale pale. Namba ya Oktoba ikipanda huku saa za pampu hazijabadilika, anza kukagua makombo ya hori, kisha utando mweupe shambani.